Ubao Namba Arobaini na Moja

Kabla ya kutumbukiza kipimo, Salhiya Talib huchovya kidole katika beseni na kukipeleka ulimini. Hufumba macho kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi wa mwenziwe na hataki kusema vibaya. "Bado," husema. Hapo ndipo anapowasha kile kifaa chake cha namba, akakisoma, akaandika katika daftari. Mara nyingi kifaa nacho husema bado.

Chumba chake kiko nyuma ya nyumba moja ya zamani Mji Mkongwe, mwendo wa dakika sita kwa miguu kutoka Darajani, kama hukupotea. Zamani kilikuwa ghala la karafuu, na siku za joto kuta bado zinanukia. Sasa kina mabeseni kumi na saba na mapipa manne ya plastiki yaliyopasuliwa kwa urefu. Ndani ya kila moja kuna kitu kilichotoka chini ya bahari na kinafundishwa kuishi nchi kavu: misumari ya shaba, vigae vya mitungi, kapi la mbao la kupandishia tanga, kisahani chenye ua la buluu. Vyote vimelala katika maji matamu. Chumvi inatoka polepole, maji yanaharibika, Salhiya anayamwaga, anatia mengine, anaonja. Kuna vitu vimekaa humo miaka mitatu.

Nimeingia vyumba vya kazi hii katika bandari tajiri zaidi, Lisbon na Marseille, penye vigae vyeupe na mashine za kupoza hewa. Sikukuta hata mmoja anayeonja. Nilipomwambia hivyo alicheka.

"Wao umeme haukatiki," alisema. "Kipimo changu kinakwenda kwa umeme. Ulimi unakwenda kwa mkate wa bofulo na chai."

Maji yenyewe ni ya mvua. Maji ya bomba pale Mji hukolea chumvi kidogo miezi ya ukame, na huwezi kutoa chumvi kwa chumvi. Kwa hivyo kuna mifereji juu ya paa na tangi mbili uani, na masika yakija, watu wa mtaa wanaponung'unika kuhusu nguo zisizokauka, Salhiya husimama mlangoni akisikiliza tangi zikijaa na kusema alhamdulillahi kwa sauti ambayo majirani wameshaizoea.

"Watu wakisikia kazi yangu ni merikebu zilizozama, wote wanauliza dhahabu," aliniambia siku ya kwanza. "Unajua kitu cha kwanza nilichokiona mimi chini kule? Choo. Bakuli la choo, la kaure, zima, katika meli moja ya chuma ya zama za mvuke. Samaki amekaa ndani yake, ananitazama kama nimemfungulia mlango."

Salhiya ana miaka thelathini na nne. Alizaliwa Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, katika nyumba ya waunda vyombo. Baba yake, Talib Wakil, na ami yake, Ame Wakil, walifanya kazi bega kwa bega katika kiwanja kimoja karibu na pwani, mpaka baba alipofariki yeye akiwa na miaka kumi na miwili. Tangu hapo ami ndiye aliyemlea. Mtoto wa kike hakuwa na kazi kiwanjani, lakini chai lazima ipelekwe, na anayepeleka chai ana masikio. Kabla hajamaliza darasa la saba alikuwa akijua tezo, patasi na keekee kwa majina na kwa sauti zake.

Alipomaliza kidato cha nne alipata kibarua katika duka la kuzamia watalii, la bwana mmoja aitwaye Simai. Kibarua chenyewe kilikuwa kuosha zile suti za mpira kwa maji matamu kila jioni, chumvi isizile. "Kwa hivyo mimi kazi yangu haijabadilika," anasema. "Tangu nina miaka kumi na minane naosha chumvi."

Akapata bahati yake kwa mgeni mmoja mwanamke kutoka Maskati, aliyetaka kuzamia lakini hakutaka kwenda na mwanamume. Simai hakuwa na mzamiaji wa kike. Mgeni akasema atarudi mwakani, na mwakani anataka kumkuta. Simai akatazama duka lake lote, akamwona Salhiya na ndoo. Miezi mitatu baadaye alikuwa na cheti cha kwanza, na mwaka uliofuata yule bibi wa Maskati alirudi kweli.

Ami Ame alipomwona mara ya kwanza amevaa suti na kofia yake, alisimamisha tezo hewani.

"Mashaallah! Baibui la mpira! Na huo mtungi mgongoni, mwanangu, unakwenda kuuza gesi?"

"Naenda kuona chini ya vyombo unavyounda, Ami. Wewe unaviona juu tu."

"Chini ya vyombo vyangu hakuna cha kuona. Havivuji."

Aliyemtoa dukani kwa Simai ni Bi Rukaiya. Mama huyu anaongoza kitengo kidogo cha watu saba kinachotafuta na kuandika habari za vyombo vilivyozama kuzunguka kisiwa. Yeye mwenyewe hazamii. Bahari humtapisha hata akisimama gatini, na hulisema hilo bila haya. Alikuja Nungwi kutafuta wazamiaji wa kuwafundisha kazi. Mtihani wake ulikuwa mmoja: alirundika mawe mita tano chini, akampa kila mtu kalamu ya risasi na karatasi ya plastiki isiyoharibika majini, akasema, "Nichoreeni mlichokiona."

Vijana watano walirudi na michoro mizuri sana ya samaki. Salhiya alirudi na mawe kumi na tisa, kila moja na urefu wake, na mshale wa kuonyesha kaskazini.

"Samaki hukuwaona?" Bi Rukaiya aliuliza.

"Niliwaona. Lakini watahama."

Alianza kazi wiki ile ile.

Wengi wa wasomaji, nadhani, hawajui kazi hii inavyokwenda, na ni vyema waijue, maana ni kazi inayoweza kufanywa na mtoto wa Nungwi au wa Kizimkazi sawasawa na mtu wa Ulaya. Unazamia, naam, lakini dakika za chini ni chache. Huko chini unafunga kamba, unaweka fremu ya mabomba ya plastiki ya mita kwa mita, unapima, unachora, unapiga picha. Ukipanda juu, saa moja ya chini inageuka kuwa wiki ya mezani. Na kanuni ya kwanza, aliyoirudia Bi Rukaiya mpaka watu wakaiimba, ni kwamba kitu kinaachwa kilipo. Bahari ikishakizoea kitu hukihifadhi kuliko sisi. Kinapandishwa tu kile ambacho kikiachwa kitapotea.

Ubao namba arobaini na moja ulikuwa utapotea.

Upande wa magharibi wa Nungwi, mita kumi na saba chini, kuna mabaki ya chombo cha mbao. Wavuvi wanapaita Penye Mbao, kwa sababu nyavu zimekuwa zikinasa hapo tangu enzi za babu zao. Hakuna anayejua kilitoka wapi wala kilizama lini. Kilikuwa kimelala chini ya mchanga mpaka upepo mmoja mkali wa kusi ukaufagia mchanga upande mmoja, na kipande kikabaki wazi: mbao mbili zilizounganishwa ubavu kwa ubavu, kama nusu ya ubao wa mlango, zikaandikwa kwa namba moja, arobaini na moja. Kila Salhiya alipoteremka alikuta kipande kimelegea zaidi. Miaka mitano iliyopita, siku mbili kabla ya Idi Kubwa, Bi Rukaiya alitoa ruhusa. Wakakifunga juu ya ubao bapa, wakakipandisha taratibu, na ilikuwa mara ya kwanza kitengo chao kutoa mbao baharini. Salhiya ndiye aliyekabidhiwa. Alitia saini.

Gari lilikuwa lije alasiri ile ile kukipeleka Mji. Halikuja. Dereva, Junaid, alipiga simu kutoka Mahonda: pampu ya maji imekufa, na maduka ya vipuri Darajani yanafunga kwa sikukuu.

"Lini sasa, Junaid?"

"Idi nne, inshaallah."

"Idi nne! Mbao itakaa wapi siku zote hizo?"

"Dada Salhiya, mimi mwenyewe nimekaa barabarani."

Akakilaza kipande katika pipa lililopasuliwa, uani kwa ami yake, katika maji ya bahari, akakifunika magunia mabichi. Siku ya pili alikilinda mwenyewe. Lakini jioni yake ilikuwa mkesha wa Idi. Mumewe, Mbarouk, na mtoto wao walikuwa Mji kwa mama mkwe, na mama mkwe alikuwa ameshauliza mara tatu. Kabla ya kuondoka alimwambia ami yake mambo matatu: jua lisikipige, magunia yasikauke, na kisiguswe. Ami Ame aliitika naam, naam, naam.

Alirudi Idi tatu asubuhi, amevaa nguo ya sikukuu. Anasema alijua kabla hajafika kona. Anayetoka Nungwi anajua harufu ya sifa, yale mafuta ya ini la papa wanayopaka vyombo mbao zisioze. Harufu ile huingia puani ikakaa kama mgeni asiyeaga. Hakuna chombo kilichokuwa kikipakwa sikukuu ile. Kiwanja kilikuwa kimya.

Ami Ame alikuwa amekaa kibarazani na kanzu yake mpya.

"Shikamoo, Ami. Idi mubarak."

"Marahaba, mwanangu. Minal aidina. Umekula?"

"Nshakula. Ami, ule ubao uko wapi?"

"Upo, upo. Njoo uuone ulivyopendeza."

Ulikuwa juani, umeegemezwa juu ya mawe mawili, unang'aa kama ngozi ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Ami alikuwa ameupaka sifa mara tatu, mkono wa kwanza Idi mosi baada ya sala. Mshono baina ya zile mbao mbili alikuwa ameuona umejaa nyuzi mbovu. Akazitoa kwa ncha ya patasi, akapiga kalafati ya pamba mpya, kama anavyofanya chombo kinachovuja.

Salhiya alikaa chini, na nguo yake ya sikukuu, juu ya vumbi la mbao.

"Nini tena?" Ami alishtuka. "Nliona umeuloweka kama mihogo ya kuvundika! Mwenyewe uko Mji unakula biriani, ubao unalala majini siku tatu. Nikasema mtoto huyu kasahau alikotoka. Talib angekuwa hai angeona haya."

"Ami, nilikwambia usiuguse."

"Uliniambia. Ulitaka niutazame unaoza? Mimi?"

Kulikuwa na nyufa tatu tayari. Moja ilikuwa imekwenda urefu wa kiganja.

Hapa Salhiya husimama katika kusimulia, kwa sababu ndipo penyewe. Ile asubuhi maji yalikuwa yamejaa, hatua hamsini kutoka uani. Ngalawa ya jirani ilikuwa pale pale. Mtu angeweza kuupeleka ubao mita kumi na saba chini na kumwambia Bi Rukaiya kwamba umeibwa uani usiku wa sikukuu. Ami Ame, alipoelewa kwamba mtoto wa nduguye anaweza kufukuzwa kazi kwa ajili ya mkono wake, alilisema hilo kwa sauti ya chini, akitazama pembeni.

"Urudishe ulikoutoa. Nani atajua?"

"Mimi," Salhiya alisema. "Na wewe. Na utanitazama hivyo hivyo kila Idi."

Akapiga simu. Upande wa pili kulikuwa na kelele za wageni na vikombe. Alisema yote kwa pumzi moja. Kisha vikombe vikanyamaza, au Bi Rukaiya alitoka nje.

"Mafuta gani?" ndilo swali la kwanza.

"Sifa."

"Ya papa?"

"Ya papa."

"Kachanganya na nini?"

"Sijui, Bi Rukaiya."

"Basi kamuulize. Utoe juani sasa hivi, magunia mabichi juu na chini, usiutie majini mpaka nikwambie. Na huyo mzee mwambie asihuzunike. Wewe ndiye uhuzunike."

Idi nne Junaid alifika na gari lililopona. Ami Ame alikuwa ameshavaa viatu. Alitaka kwenda mwenyewe na chupa ya ile sifa, iliyofungwa kwa gazeti, ili asije mtu Mji akasema mafuta yake ni ya kubahatisha. Mahali fulani baada ya Mkwajuni kizibo kiliachia. Junaid anaapa kwamba gari lile lilinuka mpaka mwezi wa Maulidi, na Salhiya anasema alistahili, kwa kumchelewesha.

Katika chumba cha mabeseni, ambacho wakati huo kilikuwa na mabeseni matatu tu, Bi Rukaiya alizunguka ubao mara mbili. Aliichukua chupa, akainusa, akaandika. Kisha akasema kwamba Salhiya hatazamia tena mpaka ubao upone.

"Kupona ni nini?" Salhiya aliuliza.

"Mafuta yatoke, chumvi itoke, nta iingie mahali pa maji, ukauke bila kupasuka zaidi. Utaufanya wewe. Mimi nitakuletea vitabu na nitakutafutia watu wa kuwauliza."

"Na usipopona?"

"Basi kazi yako ni hii ya maji."

Ami Ame alishindwa kuvumilia. "Bi mkubwa, samahani. Kosa ni langu. Mbona unamfungia yeye?"

"Wewe, Bwana Ame, umeifanya kazi yako kama ulivyofunzwa, na umeifanya vizuri. Ningekuwa na chombo ningekuletea. Yeye hakuifanya yake. Kakwambia usiguse. Alikwambia kwa nini?"

Ami Ame alifikiri. "Hapana."

"Fundi wa miaka hamsini unampa amri bila sababu, unategemea nini?" Hilo alimwambia Salhiya, si ami yake.

Salhiya anasema alikuwa anaijua sababu vizuri na angeweza kuieleza kwa dakika moja. Hakuieleza kwa sababu alidhani haimhusu mzee. Siku hizi kila mgeni anayeingia chumba chake huelezwa, atake asitake. Huletewa kikombe cha chai na kipande cha bofulo. Unalitosa bofulo ndani ya chai. Mle ndani limekaa zuri, umbo lake kamili. "Sasa litoe," anasema. Unalitoa, linaanguka. Ubao uliokaa baharini miaka mingi ni hivyo: kilichokuwa mti kimeliwa, maji ndiyo yanayoushikilia. Ukiukausha ghafla unaanguka ndani kwa ndani. Ukiupaka mafuta, maji yanafungiwa yasitoke na ile nta haiwezi kuingia. Nilifundishwa hayo na mimi, nikaangusha bofulo juu ya suruali.

Miezi ya kwanza aliichukia kazi ile. Alikuwa akifuta mafuta kwa spiriti na brashi laini, eneo la ukubwa wa stempu kwa siku, huku wenziwe wakirudi kutoka Nungwi na nywele zimekauka chumvi, wanacheka mambo ambayo hakuyaona. Sifa ilimwingia katika nywele, katika mitandio, katika mto wa kulalia.

"Nimeoa mke au nimeoa ngalawa?" Mbarouk aliuliza usiku mmoja.

"Ngalawa haipiki. Shukuru."

Kila kilichopandishwa na wenziwe sasa kilikuja kwake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwepo. Misumari ikaja, vigae vikaja, kapi likaja. Akalazimika kujifunza shaba inataka nini na udongo unataka nini. Bi Rukaiya alileta vitabu kwa Kiingereza na Kifaransa. Kile cha Kifaransa alikisoma kwa kamusi, mstari kwa mstari, na mpaka leo Kifaransa chake chote ni cha kutoa kutu. Alipotaka kujua nta ile iyeyukayo majini inaingia vipi ndani ya mbao, aliandika barua pepe kwa mwanamke mmoja huko Sweden ambaye hajawahi kumwona, na yule mwanamke akamjibu kurasa nne. Wanaandikiana hadi sasa. Ramadhani iliyofuata alitumiwa kifurushi cha brashi.

Zile nyuzi mbovu alizozitoa Ami Ame, kumbe hakuzitupa. Fundi hatupi alichokitoa katika mshono mpaka aone mwenziwe alitumia nini. Alizitia katika kopo la maziwa ya unga, akalileta Mji mwezi mmoja baadaye, kwa aibu, kama mtu anayerudisha sufuria ya kuazima. Salhiya alizitia majini. Ni makumbi, nyuzi za ganda la nazi, lakini zimesokotwa kwa namna ambayo Ami anasema hajaiona Nungwi wala Tumbatu. Sehemu ndogo imepelekwa nje kupimwa. Majibu hayajaja.

Ilichukua miezi ishirini na mbili. Mafuta yalitoka, si yote. Chumvi ilitoka. Nta iliingia kwa miezi minane, tone kwa tone. Kisha wakauacha ukauke kidogo kidogo ndani ya sanduku la plastiki, na kila asubuhi Salhiya aliupima uzito, maana ubao unaoendelea kukauka unaendelea kupungua, na unapopungua unaweza kupasuka. Asubuhi alizoea kushika mizani na huku anasoma dua. Siku moja namba ilikuwa ile ya jana. Aliiandika. Kesho yake ikawa ile ile. Alihesabu siku tisa za namba moja, ndipo alipomwita Bi Rukaiya.

Bi Rukaiya alivaa miwani, akatazama zile nyufa tatu. Hazikuongezeka. Ubao ulikuwa umepinda kidogo upande mmoja, na utabaki hivyo.

"Mzee wako aliupinda," alisema.

"Mimi ndiye niliyeupinda."

Bi Rukaiya alifungua mkoba, akatoa daftari lenye jalada la buluu. Lilikuwa daftari la kuzamia la Salhiya. Alikuwa amelichukua siku ile ya Idi nne, na inaonekana alikuwa akitembea nalo.

"Jumatatu," alisema. "Na huku nitampata nani wa kuniangalizia vitu hivi?"

"Jumanne narudi."

Nilimuuliza Salhiya kama ile adhabu ilikuwa ya haki. Alifikiri akiwa anasuuza mikono.

"Haki sijui. Lakini angenisamehe siku ile kwenye simu, leo ningekuwa mzamiaji tu. Wazamiaji wapo wengi. Namwombea kila sala, yeye na Ami. Mmoja aliniharibia ubao, mmoja akanifungia nao chumbani. Nisingechagua hata mmoja katika hayo, na yote mawili yamenilisha."

Kila kitu mle chumbani kina faili lake, na katika faili kuna ukurasa wa matibabu, mstari kwa mstari, nani alifanya nini na lini. Ndiyo desturi ya kazi hii popote: anayekuja baada yako lazima ajue kilichopakwa. Kabla ya kwenda Nungwi ile Jumatatu, Salhiya alimwalika ami yake aje kuuona ubao ulivyopona. Ami hasomi herufi za Kizungu, kwa hivyo alitaka asomewe.

Salhiya alisoma mstari wa kwanza: "Sifa ya papa, mara tatu, kwa mkono wa Ame Wakil, fundi wa vyombo, Nungwi. Mshono ulikalafatiwa kwa pamba. Idi mosi hadi Idi tatu."

"Jina langu limo?"

"Limo, Ami. Wewe ndiye wa kwanza. Mimi nimeanza mstari wa pili."

"Wameandika kwamba nilikosea?"

"Wameandika ulichofanya."

Mzee aliigeuza kofia magotini. "Basi ongeza hapo kwamba ilikuwa sifa safi. Si ile ya kuchanganya na mafuta mabovu ya gari, wanavyofanya siku hizi."

Salhiya alichukua kalamu, akaongeza. Nimeuona mstari wenyewe. Maneno "safi, haikuchanganywa" yamebanwa pembeni kwa wino wa rangi nyingine.

Jumatatu alivaa suti yake, ambayo ilikuwa imembana kidogo, akateremka Penye Mbao. Anasema alikaa dakika nzima bila kugusa kitu, akisikiliza pumzi zake. Mahali ubao ulipotoka palikuwa na kibao cha plastiki chenye namba arobaini na moja. Mchanga ulikuwa umeanza kurudi na kulifukia lile shimo. Ubao wa jirani yake, ambao zamani ulikuwa ukitikisika, sasa ulikuwa umefunikwa nusu, umetulia. Aliuchora, akaupima, akauacha.

Aliporudi pwani, Ami Ame alikuwa ametoka kiwanjani, vumbi la mbao kichwani, anamngoja ukingoni mwa maji. Alimtazama mikono.

"Umeleta nini leo?"

"Sikuleta kitu, Ami. Vyote nimeviacha vimelala."

"Alhamdulillahi," alisema mzee, akampokea mtungi mgongoni. "Maana mafuta ya papa yameniishia."